Mifumo ya Mtandaoni Isiturudishie "Njoo Kesho"

Jioni moja ya mwaka jana jirani yangu mmoja hapa Dodoma aliniomba nimsindikize binti yake kwenye duka la steshenari, akajaze maombi yake kwa njia ya mtandao. Siku ya mwisho ya kupokea maombi hayo ilikuwa kesho yake. Binti yule alikuwa na vyeti vyake vyote ndani ya bahasha ya kaki, amevitunza kama mboni ya jicho, na simu yake ilikuwa ile ndogo ya kitochi ambayo haifungui ukurasa wa aina yoyote. Tulipofika tulikuta foleni. Naam, foleni, ndugu msomaji: vijana wapatao kumi na watano wameketi kwenye mabenchi nje ya chumba chenye kompyuta mbili, wakingoja zamu ya kuhudumiwa na mtandao ambao tuliambiwa umekuja kufuta foleni.

Zamu yake ilifika saa mbili usiku. Fomu yenyewe ilikuwa ya kupendeza macho. Ukichagua mkoa, orodha ya wilaya zake hujitokeza yenyewe; ukikosea tarehe ya kuzaliwa, alama nyekundu hukuonya pale pale kabla hujaendelea. Tulipokuwa hatua ya tano kati ya sita, cheti cha mwisho kikipakiwa, mtandao ukakatika. Uliporejea baada ya dakika chache, ukurasa ulikuwa mweupe. Majina, namba za mitihani, anwani na vyeti, vyote vilikuwa vimetoweka, na mfumo ukatutaka tuanze upya. "Kaka, hapa hakuna namna," aliniambia kijana wa steshenari, tena kwa upole, maana jambo hilo kwake halikuwa geni. "Labda mje alfajiri, mtandao ukiwa umetulia."

Kwa maneno mengine, njoo kesho.

Mfumo huo sitautaja, kwa kuwa dosari tuliyoikuta si ya mfumo mmoja peke yake. Ni dosari ya fikra. Na kwa kuwa hivi sasa huduma nyingi za umma zinahamia mtandaoni, tena kwa kurasa zilizo hai, zinazojibizana na mtumiaji, inafaa tuelewe kurasa hizo ni kitu gani, zinaweza kutufanyia nini, na zinaweza kutukosesha nini sisi tunaoishi katika uwanda huu wa kati.

Wavuti haikuzaliwa ikiwa na uwezo wa kuzungumza. Tovuti ya kwanza, ambayo Tim Berners-Lee aliifungulia umma mwaka 1991 akiwa katika kituo cha utafiti cha CERN mjini Geneva, ilikuwa maandishi na viungo basi. Ilifanana na ubao wa matangazo wa ofisi ya kata: unasoma, unaondoka. Baadaye zikaja fomu, mtu akaweza kuandika jambo na kulituma. Lakini kila alipotuma, ukurasa wote ulitupwa na mwingine mzima ukaletwa kutoka mbali. Ni kama kwenda dukani kuuliza bei ya sukari, kisha ukalazimika kurudi nyumbani kwanza ndipo uje kuuliza bei ya chumvi.

Mwaka 1995 Brendan Eich, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya Netscape, aliunda lugha ya JavaScript, ambayo iliuwezesha ukurasa kufanya kazi ndogo ndogo ukiwa ndani ya kompyuta ya msomaji. Mwaka 1999 kampuni ya Microsoft ikatia katika kivinjari chake njia ya kuuliza seva jambo moja dogo na kupokea jibu bila kuufuta ukurasa. Kwa miaka kadhaa wengi hawakuona umuhimu wake. Wapenda madoido walikuwa wakitegemea Flash, programu ya pembeni iliyobidi ipachikwe kwenye kivinjari, na ambayo ilistaafishwa rasmi mwisho wa mwaka 2020. Kilichowafumbua watu macho ni Gmail ya mwaka 2004 na ramani za Google za mwezi Februari 2005. Watu walishangaa kuona ramani ikivutwa kama kitambaa juu ya meza, na kipande kipya kikija chenyewe kujaza pengo. Mwezi huo huo Jesse James Garrett akaipa mbinu hiyo jina la Ajax. Tangu hapo ukurasa umekuwa kaunta yenye mtu nyuma yake: unauliza, unajibiwa, unauliza tena, hujaondoka mahali ulipo.

Wazee wetu wataelewa tofauti hii upesi kuliko wengine. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, redio ilitumika kuwafundisha wananchi wapatao milioni mbili habari za kujikinga na malaria, kichocho na magonjwa mengine. Lakini waandaaji walijua kwamba redio husema tu, haisikilizi. Kwa hiyo waliunda vikundi kuizunguka: watu waliketi pamoja na kiongozi wao, wakasikiliza, wakajadili, wakakubaliana nani atachimba choo na nani atafyeka majani. Majibizano ambayo chombo chenyewe hakikuweza kuyatoa yalitolewa na watu. Leo chombo kinaweza kujibu. Hilo ni jambo kubwa, na mwenye kulibeza hajawahi kutoka Kibakwe hadi makao makuu ya mkoa kuuliza swali la dakika moja.

Wala hatuhitaji kwenda ng'ambo kutafuta ushahidi. Chukua mfumo wa malipo ya Serikali, GePG, ulioanza kutumika mwaka 2017. Mwananchi hupewa namba ya kumbukumbu ya malipo, naye hulipa kwa benki au kwa simu, hata ile ya kitochi, na ofisi inayodai huona malipo hayo kwenye mfumo wake. Zamani tulipanga foleni benki, kisha foleni nyingine ofisini ili kuonyesha risiti ya benki. Au chukua minada ya mazao. Mkulima wa korosho kwa miaka mingi alisikia bei iliyotoka katika zabuni zilizofungwa ndani ya bahasha, ambazo yeye hakuona zikiandikwa. Katika msimu wa 2024/2025 korosho zilianza kuuzwa kupitia mfumo wa kidijitali wa Soko la Bidhaa Tanzania, TMX. Wanunuzi wanashindana mtandaoni na wakulima wanaiona bei kwenye skrini palipo na mnada. Ufuta, dengu na mbaazi, mazao ambayo sisi wa Kanda ya Kati tunayajua vizuri, nayo yameingizwa katika utaratibu huo. Mkulima anaweza bado kuikataa bei ile, na kuikataa ni haki yake. Lakini sasa anakataa kitu alichokiona.

Hiyo ndiyo faida ya ukurasa ulio hai. Haipendezeshi tu, inaondoa pazia kati ya mwananchi na uamuzi unaomhusu. Ndiyo maana siafikiani na wale wanaodai kwamba turudi kwenye tovuti za maandishi matupu kwa sababu mtandao wetu ni dhaifu. Mnada hauwezi kuendeshwa kwa ubao wa matangazo.

Ugomvi wangu ni na mahali pengine. Kurasa nyingi za aina hii huundwa na kujaribiwa katika chumba chenye kiyoyozi, kwa kompyuta mpya, mtandao ukitiririka kama bomba lililopasuka. Mhandisi hubofya, jibu huja kabla hajainua kidole, naye huandika kwenye taarifa yake kwamba mfumo uko tayari. Lakini Dodoma si Mtumba peke yake. Dodoma ni Chemba, ni Bahi, ni Mpwapwa, ni vijiji vya Kongwa ambako mtu hupanda kichuguu ili apate mawasiliano.

Sisi wa Ugogo tunaifahamu vema hali ya kutegemea kitu kisichotegemeka. Mvua yetu ni ya msimu mmoja, kati ya Desemba na Aprili, milimita zipatazo 500 hadi 600 kwa mwaka, nayo hunyesha ipendavyo: leo gharika, kisha wiki tatu za jua kali. Je, wahenga wetu waliacha kulima? La hasha. Walijenga vihenge. Walipanda uwele na mtama vinavyostahimili ukame, wakaweka akiba ya mwaka wa neema kwa ajili ya mwaka wa njaa. Mtandao wa huku ni kama mvua ya huku. Mfumo usio na kihenge hautufai, hata ukipambwa vipi.

Na kihenge hicho kipo. Hakihitaji kuvumbuliwa. Vivinjari vya sasa vina uwezo wa kuhifadhi ndani ya simu au kompyuta yale ambayo mtumiaji amekwisha kuyaandika, kuendelea kufanya kazi mtandao ukiwa haupo, na kuyatuma yote mtandao unaporejea. Jirani zetu wa Kenya walilionyesha jambo hili zamani. Mwaka 2011 walipokuwa wakisambaza nchi nzima mfumo wa taarifa za afya uitwao DHIS2, ambao uundaji wake huongozwa na Chuo Kikuu cha Oslo cha Norway, walikabiliwa na swali hili hili. Je, kila wilaya iwekewe mfumo wake katika kompyuta yake, na takwimu zisafirishwe? Walijaribu kutumia modemu za mitandao ya simu wakaona zinafaa, isipokuwa mtandao hukatika. Basi waundaji wakatumia uwezo uliokuwa mpya wakati ule wa kuhifadhi takwimu ndani ya kivinjari. Mtunza kumbukumbu wa hospitali akawa anaandika idadi ya watoto waliochanjwa na wajawazito waliohudhuria kliniki, mtandao ukikatika, ukurasa unashikilia alichoandika, ukirudi, unatuma. Mfumo huo huo tunautumia hapa Tanzania, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina wataalamu wake waliobobea.

Sasa nauliza: ikiwa hesabu za chanjo zinaweza kusubiri mtandao bila kupotea, kwa nini jina la binti wa jirani yangu lisisubiri?

Nimepata kulizungumza suala hili na vijana kadhaa wa kompyuta, na majibu yao hayakuwa ya kipuuzi. La kwanza, walisema, minara inajengwa. Ni kweli. Mwezi Mei 2023 ilisainiwa hapa hapa Dodoma mikataba ya kujenga minara 758 vijijini, na Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano umesambaa mikoani. Lakini tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilipokatika, mtandao ulizorota hata Dar es Salaam, kwenye minara lukuki. Mnara hupunguza tatizo, hauliondoi.

Jibu la pili lilinifanya nifikiri zaidi. Walisema kompyuta ya steshenari hutumiwa na watu wengi. Ukiacha maombi ya mtu yamehifadhiwa ndani yake, anayefuata atayasoma. Hapo wana hoja. Kihenge cha kijiji hakiachwi wazi njiani. Lakini hoja hiyo inadai tuchague mahali pa kuhifadhi, haisemi tusihifadhi. Kwenye simu ya mtu binafsi, kazi ibaki ndani ya simu. Kwenye kompyuta ya umma, kila hatua inapokamilika itumwe na kutunzwa kwenye seva chini ya akaunti ya mwombaji, ili hatua ya tano ikikatika, arudi kwenye hatua ya tano, hata kama atarudi akitumia kompyuta nyingine katika mtaa mwingine. Hata cheti kinachopakiwa kinaweza kukatwa vipande, na mtandao ukirudi kikaendelea pale kilipoishia. Haya si maajabu, ni kazi ya siku chache kwa mhandisi aliyeamriwa kuifanya. Kwa kawaida haamriwi, kwa sababu anayepokea mfumo kwa niaba ya ofisi naye ameketi kwenye kiyoyozi.

Liko pia suala la uzito. Ukurasa wa kawaida wa wavuti siku hizi una zaidi ya megabaiti 2. Maandishi matupu ya kitabu cha kurasa mia tano hayafiki hapo. Kinachojaza uzito huo ni picha kubwa kubwa za viongozi na majengo, herufi za madaha, na mizigo ya programu zilizochukuliwa kutoka kwa watu wengine bila kupunguzwa, ambazo simu ya bei nafuu inalazimika kuzichambua kabla ya kuonyesha neno moja. Simu hupata joto, betri huisha, na bando la shilingi mia tano lililonunuliwa kwa ajili ya maombi huishia kwenye picha ya jengo. Mhandisi mwenye huruma huleta kwanza fomu, kisha mapambo, na mapambo yakichelewa hakuna anayelia.

Lugha nayo tusiipitie kimya. Tangu mwaka 2021 sheria yetu imeifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama. Hakimu wa Kondoa anaandika hukumu kwa Kiswahili, ilhali ukurasa wa mtandao, unapokataa ombi la mwananchi wa Kondoa huyo huyo, aghalabu humwambia kwa Kiingereza kwamba kuna hitilafu, tena hitilafu yenye namba. Ukurasa unaojibizana na mtu kwa lugha asiyoielewa haujibizani naye. Unamfokea.

Mamlaka ya Serikali Mtandao, iliyoanza kama Wakala mwaka 2012 na kupewa hadhi ya Mamlaka kwa sheria ya mwaka 2019, tayari hutoa viwango na miongozo kwa taasisi za umma zinazotaka kujenga mifumo. Naomba liongezwe sharti moja tu. Kabla mfumo wa kuwahudumia wananchi haujafunguliwa, upelekwe wilayani, ukajaribiwe kwa simu ya bei ya chini na kwa kompyuta ya steshenari, mchana wa siku ya kazi, na katikati ya zoezi mtandao ukatwe makusudi. Aliyeujenga awepo, aketi kwenye benchi pamoja na wanaosubiri. Hapa tuna Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa mwaka 2007, chenye ndaki nzima ya masomo ya kompyuta. Wanafunzi wake wanatoka kila pembe ya nchi na wengi wao wamepita kwenye mabenchi hayo. Sioni watu wanaofaa zaidi kwa kazi hiyo, na nauli ya basi kwenda Mpwapwa haishindi bajeti ya uzinduzi.

Sina ugomvi na vijana wa steshenari. Bila wao maelfu ya maombi yasingefika popote, na wengi hufanya kazi hiyo kwa ada ndogo hadi usiku wa manane. Hata hivyo mfumo unaposhindwa kutumiwa na mwenyewe, humzalisha dalali. Katika kaunta ya duka lile lilikuwepo daftari kubwa la mistari. Humo yameandikwa majina ya wateja, namba zao za kitambulisho cha Taifa na maneno yao ya siri, kwa kalamu ya bluu, kurasa kwa kurasa, ili mteja akirudi aweze kuhudumiwa. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika mwaka 2023. Daftari lile haliijui sheria hiyo. Kijana yule hakuliweka kwa nia mbaya; aliliweka kwa sababu mteja wa simu ya kitochi hana mahali pengine pa kutunza ufunguo wake.

Binti wa jirani yangu tulirudi naye saa kumi alfajiri. Mara hii hatua zote sita zilipita na maombi yakapokelewa saa kumi na moja kasoro. Miezi ilipita, akapata simu ya skrini ya bei nafuu aliyonunuliwa na kaka yake, akataka aingie mwenyewe kuona majibu. Neno la siri halikumbuki, aliliandika kijana. Mfumo ukamwambia, kwa Kiingereza, kwamba namba ya uthibitisho imetumwa kwenye simu iliyosajiliwa. Simu iliyosajiliwa usiku ule, kwa haraka ya kuwahi foleni, ilikuwa ya steshenari. Alikwenda dukani, akakuta limefungwa. Wapangaji wa jirani wakamwambia mwenyewe amehamia Manyoni.